Kurasa tatu za majibu, na presha haipo

SWALI: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao hapa Mafinga, miaka 46, kilo 93, urefu sentimita 170. Mzee wangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58 na hakuinuka tena. Sitaki kumfuata kwa njia ile. Mwaka huu nilipimwa kwenye semina kwa mashine ya kushika chuma, nikaambiwa kongosho limechoka. Nikaona bora niende Mbeya kupima damu, kifurushi cha vipimo arobaini, na majibu nimekutumia. Nilipima Jumatatu asubuhi, sikuwa nimekula, chai tu njiani. Dawa lishe nimeshanunua za miezi mitatu, shilingi 420,000: vitamini D, mafuta ya samaki, vidonge vya chai ya kijani, biotini, na NMN wanayosema inarudisha ujana. Kijana wangu naye ameniletea kopo la kreatini. Naomba unipangie nipime nini kila miezi sita na ninywe nini, sukari na mafuta vikae sawa, niwaone wajukuu. Sigara sivuti. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni wikiendi tu."

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kurasa zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, nikitafuta namba moja ambayo sikuiona. Umepimwa mpaka zinki, umepimwa homoni ambazo mimi mwenyewe sijawahi kujipima, lakini presha haipo. Mtoto wa mtu aliyeondoka kwa kiharusi katoka Mafinga mpaka Mbeya, katolewa chupa za damu, kalipa, karudi, na hakuna aliyemfunga mkanda mkononi.

Kwa hiyo naanza na presha, hata kama hukuiuliza. Nunua mashine yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, siyo ile ya kifundo cha mkono. Pima siku saba mfululizo: asubuhi kabla ya chai, jioni kabla ya kula, mara mbili kila wakati, ukiacha dakika moja katikati. Kabla ya kubonyeza, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, na usiongee. Halafu vua sweta. Hilo la sweta nawaambia watu wa Mafinga, Makambako na Makete kuliko wengine, maana mwezi wa saba namwona mtu kafungwa mkanda juu ya sweta na koti juu yake, na namba inayoandikwa kwenye daftari ni ya sweta. Mtu wa kilo 93 pia mara nyingi anahitaji mkanda mpana; mkanda mdogo unapandisha presha ambayo haipo. Namba za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki zitafutie wastani. Kwa kipimo cha nyumbani, wastani ukifika 135/85 hiyo ni presha ya juu. Hospitalini mstari wetu ni 140/90. Ukiwa umeuvuka, dawa za kawaida za presha, zile zile wanazopanga foleni wazee kila mwezi, zimethibitika kuzuia kiharusi kiasi ambacho kopo lolote ulilonunua haliwezi hata kukisogelea.

Kuna vingine viwili havimo kwenye kurasa zako, na hapo ndipo nilipojua kwamba kifurushi hiki kilitungwa na mtu aliyekuwa anawaza nchi nyingine. Hakuna kipimo cha VVU wala cha homa ya ini B. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wazima nchini, na kwa jirani zako wa Njombe asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Sikutuhumu chochote. Nasema tu kwamba mtu anayegundulika mapema na kumeza dawa zake bila kuruka anaishi karibu sawa na jirani yake asiye na virusi, na kipimo chenyewe ni bure. Ukitaka kipimo kimoja cha damu kinachoongeza miaka katika nyanda hizi, ni hicho, na hakuna semina inayokitangaza. Homa ya ini B nayo: wewe ulizaliwa kabla chanjo yake haijaingia kwenye ratiba ya watoto, na kimeng'enya chako cha ini, ALT, kimesoma 52. Nitakirudia.

Sasa ile mashine ya kushika chuma. Mwaka juzi nilikaribishwa semina ya namna hiyo kwenye ukumbi mmoja. Kijana mwenye shati jeupe akaniuliza jina, umri, kilo na urefu, akanipa chuma nikikamate kwa dakika moja, kompyuta ikatoa kurasa kadhaa: mifupa imeisha, figo zina uzito, damu nzito. Nikazunguka, nikapanga foleni upya kwa kijana wa meza ya pili. Huyu nikamdanganya umri, nikamwambia nina miaka 34. Mkono ule ule, chuma kile kile, mifupa ikapona. Mashine haisomi kitu mwilini, inasoma ulichojaza. Kongosho lako halijapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Tuje kwenye damu, ambayo angalau ni damu kweli. Kabla sijasomea udaktari nilikuwa mteknolojia wa maabara Iringa, na nitakwambia jambo ambalo sisi wa maabara tunalijua na wauza vifurushi hawalisemi. Kiwango cha kawaida kinachochapwa pembeni ya jibu lako kimewekwa ili watu wazima wasio na ugonjwa, 95 kati ya 100, waangukie ndani yake. Watano wanabaki nje na hawaumwi. Mtu mzima wa afya akipima kitu kimoja, uwezekano wa kupata mshale mwekundu ni mmoja kati ya ishirini. Akipima vitu arobaini visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau mshale mmoja ni zaidi ya asilimia 87. Kifurushi kikubwa karibu lazima kikutoe mgonjwa, na pembeni yake pana kabati la dawa lishe.

Tena viwango vyenyewe mara nyingi vimetoka Ulaya au Marekani. Chembe zako nyeupe 3.6 zimewekewa mshale wa kushuka, na himoglobini 17.4 mshale wa kupanda. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe nyeupe chache kidogo kwa kurithi tu, hazina neno. Na anayeishi juu milimani mwili wake unatengeneza damu nyingi zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Mafinga ya milimani siyo Kyela ya bondeni. Watafiti waliofanya kazi hapa Mbeya walichapisha mwaka 2008 viwango vya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania, kwa sababu hii hii. Mishale hiyo miwili ifute.

Iliyobaki ina maana, ila lazima tuisome pamoja na safari yako ya Jumatatu.

Sukari umeandikiwa 6.0. Karatasi imeandika "ya kufunga", nawe umeniambia chai tu njiani. Chai ya stendi ina maziwa, ina sukari, na hiyo siyo kufunga. Kwa hiyo namba imepandishwa. Lakini kuna maandishi madogo juu kulia ambayo nadhani hukuyatazama: sampuli imechukuliwa 09:10, imepokelewa maabara 12:25. Kwa muda wa saa tatu na robo chupa ilikuwa njiani, pengine mfukoni mwa dereva wa bodaboda. Chembe za damu zilizomo kwenye chupa bado zi hai, zinaendelea kula sukari, kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa ikiwa hakuna kitu cha kuzizuia. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina dawa ya kuzizuia, ila nayo inachelewa kushika. Nilipokuwa Iringa tulikuwa tunapokea sampuli kutoka vijijini zimewekwa kwenye chupa ya chai, na mgonjwa mwenye kisukari cha wazi alikuwa anafika mezani kwetu na sukari nzuri kama ya mtoto. Yako imepandishwa na chai, ikashushwa na bodaboda. Ilikuwa ngapi kweli? Namba mbili za uongo zikivutana hazizai ya kweli. Rudia.

Utaniambia HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, imetoka 5.4 na kawaida ni chini ya 5.7. Ni kipimo kizuri, hakijali chai wala bodaboda, maana kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120. Ila hapo ndipo kwetu penye mtego. Ikiwa chembe zako zinakufa mapema, hazikupata muda wa kuganda sukari, na namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Selimundu inafanya hivyo. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD nao, ambao umeenea sana Afrika na mwanaume anaweza kuishi nao maisha yote bila habari, unafanya hivyo: utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2017 ulikuta wanaume wenye aina ya G6PD iliyo ya kawaida kwa Waafrika wanasoma chini kwa kama pointi 0.8. Piga hesabu: 5.4 ya mtu huyo ni 6.2 ya mwingine, na kuanzia 5.7 mpaka 6.4 tunaita njia panda ya kisukari. Upungufu wa madini chuma unafanya kinyume, unapandisha.

Kwa hiyo kwako, mwenye kitambi (kilo 93 kwa urefu wa 170, kipo hata usiponitumia picha), nataka kipimo cha zamani ambacho siku hizi hakipendwi kwa sababu kinachosha: unakuja hujala wala kunywa chochote isipokuwa maji, tunapima, unakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, unakaa kwenye benchi saa mbili bila kuzurura, tunapima tena. Ikiwa chini ya 7.8, uko salama. Kati ya 7.8 na 11.0 uko njia panda. Ikifika 11.1 tunazungumza kisukari. Lala Mbeya au Iringa usiku wa kuamkia, usije na basi la alfajiri.

Mafuta: trigliseraidi 3.1, na hizo ziko juu kweli, tunapenda zibaki chini ya 1.7. Lakini Jumatatu inafuata Jumapili, na Jumapili inafuata Jumamosi. Mdogo wangu, "ulanzi ni wikiendi tu" nimeisikia miaka mingi. Mtogwa, ulanzi mtamu wa asubuhi, ni sukari; mdindifu, ulanzi uliochacha wa jioni, ni pombe, na ini likipata vyote viwili kwa siku mbili linatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Chai ya maziwa ya stendi ikamalizia. LDL yako, ile kolesteroli mbaya, 3.4, haikupimwa, imekokotolewa kwa hesabu inayotumia trigliseraidi hizo hizo, kwa hiyo ikiyumba moja inayumba na nyingine. Kaa wiki tatu bila ulanzi, rudia siku ya Alhamisi. Ukiniambia wiki tatu haziwezekani, nitakuwa nimepata jibu la kipimo kingine.

Figo: kreatinini 118, mshale wa kupanda, na najua hiyo ndiyo iliyokutisha. Soma kopo la kijana wako. Kreatini na kreatinini ni ndugu wa tumbo moja: ya kwanza ikitumika kwenye misuli inageuka kuwa ya pili, na ya pili ndiyo tunayopima tukitaka kujua figo zinachuja vipi. Anayemeza kreatini, au aliyekula nyama choma nyingi jana yake, anaweza kupandisha namba hiyo na figo zake ni nzima. Kreatini yenyewe sina ugomvi nayo. Kati ya vyote ulivyoorodhesha ndiyo yenye ushahidi wa maana, mradi unabeba vitu vizito. Acha mwezi mmoja, rudia kreatinini, na safari hii waombe wapime na protini kwenye mkojo. Presha ikiwa juu na protini ipo, hapo tutakaa chini tuzungumze kwa uzito.

Tezi ya shingo. TSH yako, homoni inayoiamrisha tezi, imetoka chini; T4, homoni ya tezi yenyewe, imetoka juu, na mtu amekuandikia kwa kalamu "tezi inafanya kazi kupita kiasi, muone daktari". Unameza biotini, ile vitamini ya nywele. Vipimo vingi vya homoni kwenye mashine za kisasa vinatumia biotini ndani ya kemikali zake kama gundi. Ukiingiza biotini nyingi kutoka kwenye damu, gundi inavurugika, na inavurugika kwa mpangilio huo huo, TSH chini na T4 juu, mfano halisi wa ugonjwa. Niliwahi kumpokea mama mmoja kutoka Tukuyu, mapigo ya moyo yametulia, hatetemeki, hajakonda, ana barua ya kuanzishiwa dawa za kuzima tezi. Nikamuuliza anatumia nini. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vya kukuza nywele. Tulisubiri wiki, tukapima upya, tezi haina kitu. Na siyo tezi tu: biotini inaweza kushusha kwa uongo kipimo cha troponini, kile tunachokitegemea usiku mtu akija na maumivu ya kifua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Nywele zako, kwa miaka 46, zinaondoka kwa kurithi. Acha vidonge, mweleze na mke wako kama anavitumia, pima TSH baada ya wiki.

Tukiwa hapo kwenye tezi, nikukumbushe kitu ambacho wazee wako wanakijua. Rovu. Ukinga na sehemu nyingi za nyanda hizi zilijulikana kwa shingo zilizovimba, kwa sababu mvua za milimani zimeosha madini joto kwenye udongo. Hilo lilipunguzwa na chumvi yenye madini joto, bila kongamano wala kopo lenye picha ya mzee anayekimbia. Hicho ni kirutubisho cha kuongeza, kimefanya kazi kweli kweli, na sababu ni nyepesi: watu walikuwa wamepungukiwa. Kitu kilikosekana, kikarudishwa. Ukitaka kujua kama kidonge fulani kitakusaidia, uliza kwanza umepungukiwa nini, na nani kakupima.

Vitamini D yako ni 61 nao wamekuandikia "pungufu", kwa sababu maabara hiyo imeweka mstari kwenye 75. Jopo la wataalamu wa Marekani lililopitia ushahidi wote lilisema 50 inatosha kwa karibu kila mtu. Hapa nchini walipimwa Wamasai na Wahadzabe, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, wastani wao ukawa 115, hakuna hata mmoja aliyekula kidonge, wanashinda juani. Wewe unashinda ndani ya pikapu na koti. Je, kuipandisha kwa vidonge kunaongeza maisha? Waliuliza. Wamarekani 25,871 walipewa vitamini D uniti 2,000 kila siku, au mafuta ya samaki gramu moja, au vidonge visivyo na kitu, kwa miaka kama mitano. Saratani haikupungua, na mishtuko ya moyo na viharusi kwa jumla havikupungua. Wengine 2,423 waliokuwa njia panda ya kisukari wakapewa uniti 4,000. Mwaka 2019 majibu yakaonyesha tofauti isiyo ya kujivunia. Kopo lako limalize kama unaona uchungu wa hela, halitakudhuru, ila usinunue la pili. Na mafuta ya samaki vivyo hivyo. Ukitaka samaki, usipa wa Nyasa wanauzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa kopo la kupimia, unawala na mifupa na vichwa, unapata mafuta, protini na kalisiamu kwa bei ya soda chache. Waoshe tu ile chumvi.

Kinachonikera ni vidonge vya chai ya kijani. Wewe mtu wa Mufindi! Umezungukwa na mashamba ya chai, umenunua chai ya kumeza kutoka ng'ambo. Kikombe cha chai, cha kijani au cheusi, hakina ubaya na ini lako. Kidonge ni kitu kingine, kimekamuliwa, kimekolezwa, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za ile kemikali yake kuu, EGCG, vimeng'enya vya ini vinaanza kupanda. Rudi kwenye ALT yako ya 52. Huenda ni mafuta kwenye ini, kwa kilo ulizonazo ndiyo ninayoshuku. Huenda ni ulanzi. Huenda ni homa ya ini B. Na huenda ni kopo hili. Watuhumiwa wanne, na mmoja tunaweza kumwondoa leo hii kwa kufunga kifuniko.

NMN. Inapandisha kemikali moja muhimu kwenye damu, hilo limepimwa kwa watu. Panya wa maabara wameonyesha mambo ya kufurahisha. Binadamu aliyeongezewa hata mwaka mmoja kwa kidonge hicho hajaonyeshwa na utafiti wowote. Ungekuwa panya tungeongea.

Na usidhani kwamba kisichosaidia basi angalau hakidhuru. Kule Finland wavuta sigara 29,133 walipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, au vitamini E, wakitegemea kuzuia saratani ya mapafu. Mwaka 1994 majibu yakatoka, waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Karoti kwenye sahani haijamfanyia mtu hivyo. Kwa wasomaji wengine wanaotumia dawa za VVU zenye dolutegravir, yaani TLD, nawaomba jambo moja: kalisiamu, madini chuma, zinki na magnesiamu za vidonge zinaishika dawa tumboni isiingie mwilini. Meza dawa yako saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake, na mwambie mtoa huduma kila kopo ulilonalo nyumbani.

Uliniomba nikupangie, nami nimekuwa nikikupangua tu. Haya. Mwaka 2002 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa njia panda ya kisukari. Kundi moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari, likapunguza kisukari kwa asilimia 31. Kundi la pili liliambiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki: asilimia 58. Asilimia 7 yako ni kilo sita na nusu, unabaki na 86 na ushee. Sikwambii uwe mwembamba kama mwanafunzi wa bweni. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi. Kisizidi nusu ya urefu wako, yaani 85. Namba hiyo inanieleza mengi kuliko kurasa zako mbili za mwisho, na futi utaitumia mpaka uzeeke.

Ulipoanza biashara ulikuwa unabeba mbao mwenyewe, sasa unabeba simu. Msitu wa Sao Hill uko mlangoni pako. Dakika 30, siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Siku mbili beba tena vitu vizito, hapo kreatini ya kijana itakuwa na kazi. Kwenye chakula sitakunyang'anya ugali, ila sahani igeuke: nusu iwe majani ya maboga au chainizi, robo maharagwe au usipa, robo ugali, na ukipata dona nzuri acha sembe. Parachichi nusu kwa siku, ni msimu au siyo msimu, kwenu hazikosekani. Halafu chai. Vijiko vinne vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu, ni karibu gramu 50, ambacho ndicho kikomo chote cha siku cha Shirika la Afya Duniani, na bado hujagusa soda. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi hautagundua. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na iwe ile yenye madini joto.

Kupima kila miezi sita hakuna haja. Mwezi ujao rudia tuliyoyataja: sukari ya kunywa glukosi, mafuta, kreatinini na mkojo, TSH, ALT, pamoja na VVU na homa ya ini B. Yakiwa mazuri, sukari na mafuta mara moja kwa mwaka. Zinki, homoni na vitamini D visahau. Kama unataka kipimo kimoja cha kisasa, kipo kinaitwa lipoproteini(a), kinarithiwa, kinapimwa mara moja tu maishani, na Waafrika huwa nacho juu. Ila kinaweza kusubiri presha.

Nitumie kwanza zile namba za siku saba. Ukija kliniki njoo na makopo yote, hata yaliyokwisha, na lile kopo la kijana. Nataka kusoma yale maandishi madogo ya nyuma.